Asilimia Sitini

Imefika sitini, ikagoma.
Tangu Jumanne imechomekwa ukutani, kitaa chake cheupe kinawaka,
na pale chini pembeni imeandika,
kama karani asiyependa maswali:
imeunganishwa, haichaji.

Nilianza na soketi.
Nikahama nayo kama mgonjwa anayetafutiwa kitanda,
sebuleni, jikoni, ukumbini kwenye cherehani,
mpaka chumba cha Ghalib, ambamo bado mnanuka udi na raba zake.
Sitini.
Nikapuliza tundu, nikalichokoa kwa kijiti cha meno.
Vumbi la Sib ni laini mno, huingia hata ndani ya msahafu uliofungwa.
Sitini.
Nikashika kichwa cha chaja: vuguvugu,
chai iliyosahauliwa. Basi umeme unafika.
Unafika, halafu unakwenda wapi?
Nikaizima, nikabonya kitufe, nikahesabu hadi thelathini
(Zahor mume wangu kasema arobaini,
yeye ambaye rimoti huitengeneza kwa makofi).
Sitini.

Hapo nikaanza kusingizia.
Nikalisingizia joto, nyuzi arobaini na sita,
na siku ile niliyoiacha garini nje ya benki, dakika ishirini tu.
Nikaisingizia chaja, rial nne, jina la kampuni limepungua herufi.
Nikamsingizia, Mungu anisamehe, jirani aliyeisifu.

Na kofia zinangoja. Kofia za viua, oda kumi na saba kabla ya Idi,
ruwaza zote zimo humu,
na keshokutwa nakwenda Ibra kwa dada Ghaniya,
nyumba ya ukoo, chumba chenye soketi moja,
na soketi yenyewe imeolewa na friji.

Biju yuko Ruwi, nyuma ya duka la saa.
Kiarabu chake na changu vilikutana njiani, vikaelewana.
Hakushika bisibisi. Hilo liliniudhi:
nimeendesha gari dakika arobaini, nataka kuona kitu kikifunguliwa.
Alibonya, akabonya, akanigeuzia kioo.
“Mama, betri nzima. Kuna mtu ameiwekea kikomo.
Ikifika sitini, isimame.
Ikikaa imejaa kila siku, na joto hili, inavimba, inazeeka.”

Mtu.

Usiku ule wa kuamkia safari nilimkuta kaipakata,
begi la kwenda Kuala Lumpur limesimama mlangoni.
Nikamwambia lala.
Akasema, “Namaliza kitu, mama.”
Sikuuliza kitu gani.
Nilidhani mchezo.

Tangu aondoke nina kinyongo naye.
Hapigi ila Ijumaa, dakika kumi, amsalimu baba yake,
bando linaisha, kwaheri.
Nikawa namlaumu mbele ya watu: mtoto gani huyu,
mapenzi anayapima kwa kijiko?
Na kijiko nani alimpa?
Nani alimpigia vidole juu ya kopo la sukari, ana miaka minne,
akimwambia akiba haiozi, akiba haiozi?

“Nifungue?” Biju kauliza.
Nyuma yangu kijana kashika simu iliyopasuka kama yai.
Nikasema fungua, nina safari.
Kitaa kikageuka rangi ya chungwa.
Sitini na moja.
Malipo akakataa, kisha akapokea rial moja, ya chai.

Ibra ilinifikisha alasiri bila waya.
Ghaniya alikata uzi, mimi nikasoma ruwaza, tukasengenya kidogo.

Niliporudi niliutafuta ule ukurasa mwenyewe,
miwani puani, Zahor akinisomea kwa haraka na makosa.
Tukakosea mara mbili, tukaifanya iongee Kifaransa.
Mara ya tatu nikarudisha sitini.

Ijumaa akipiga sitamwambia.
Nitamuuliza amekula nini,
na dakika zikifika kumi
nitakuwa wa kwanza kusema, haya, bando.